Kabla ya Kushusha Gari, Shika Futi

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nilisimama pale getini mapema nikiangalia magari yanavyoingia: Altezza, Mark II, Impreza na Forester kadhaa, na ile Crown nyeupe iliyopanda tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, taratibu kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mwenye Crown ni dereva mzuri, nampa heshima yake. Lakini mlio wa chuma kusugua zege niliusikia, na naamini hata yeye aliusikia.

Mimi ni fundi wa miguu ya gari, yaani springi, shokapu na mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Huu ni mwaka wa 22 nalala chini ya magari ya watu. Nilipoalikwa kuja kuzungumza juu ya kushusha gari, yaani kupunguza kimo chake likae karibu na barabara, baadhi yenu walidhani nimeletwa kukataza. Sikatazi. Gari lililoshushwa sawasawa linapendeza, linatulia kwenye kona, na usukani wake unajibu haraka. Nimeshusha mengi kwa mikono hii, na mengine mpaka leo yanakwenda Mbeya na kurudi.

Kinachoniuma ni kwamba hapa kwetu gari linashushwa kwa jicho. Mwenye gari anasimama pembeni, anarudi nyuma hatua tatu, anainamisha kichwa, anasema, “Fundi, shusha kidogo tena.” Fundi anashusha. Wanarudia hivyo mpaka vidole viwili havipiti kati ya tairi na fenda, kisha wanapeana mikono. Futi haijatoka mfukoni hata mara moja. Basi leo nataka tuzungumze habari ya kupima, maana karibu kila ajali na kila hasara niliyoiona kwenye kazi hii ilianzia mahali ambapo mtu alipaswa kupima, hakupima.

Naomba hii springi ipite mkononi mwa kila mmoja. Niliitoa mwezi uliopita kwenye gari la kijana aliyekuja kulalamika kwamba gari lake linagonga mbele akikata kona. Angalieni ncha yake ya juu. Springi inayotoka kiwandani huwa imelazwa mwishoni ili ikae vizuri kwenye kitako chake. Hii imekatwa kwa grainda, ncha imebaki wima kama kisu. Pitisheni kidole taratibu msije mkajikata. Na huo mstari unaong'aa ni mahali ilipokuwa inasaga kitako chake kila gari lilipocheza. Ilikuwa imebaki milimita chache itoboe. Gari hilo likiinuliwa kwa jeki, springi ililegea kabisa, unaizungusha kwa mkono. Sasa fikirini gari liko kasi, gurudumu linaning'inia kwenye shimo, springi inahama mahali pake, halafu gari linarudi chini kwa uzito wake wote.

Kuna wanaosema wao hawakati, wanachoma kwa gesi mpaka springi ikae chini yenyewe. Hilo ni baya zaidi. Chuma cha springi kimepewa uwezo wake kwa moto uliopimwa kiwandani: kimepashwa, kikapozwa ghafla kwenye mafuta, kikapashwa tena kidogo. Ukikirudishia moto wa tochi bila kipimo, sehemu ile inakuwa laini kama nondo ya kawaida. Springi itaendelea kukaa chini wiki hadi wiki, upande mmoja zaidi ya mwingine, na siku moja itavunjika palepale ulipochoma.

Hesabu ya springi si ngumu, na naomba muichukue mwende nayo. Ugumu wake unatokana na unene wa waya, idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na upana wa mduara. Unene ndio wenye nguvu kuliko vyote. Waya ukitoka milimita 12 kwenda 13, milimita moja tu, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 38 hivi. Ukikata mzunguko mmoja kati ya 6, inaongezeka asilimia 20. Mkataji atakwambia, “Si umeona, imekuwa ngumu.” Ni kweli. Lakini kama gurudumu lilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla halijagonga mpira wa kuzuia, na wewe umeshusha 4, umekula nusu ya nafasi ukaongeza moja ya tano ya ugumu. Ndiyo maana gari la kijana yule lilikuwa linagonga. Springi iliyotengenezwa kwa kazi hii imefanyiwa hesabu yote pamoja: urefu umepungua, waya umeongezwa, na ncha imelazwa.

Springi peke yake haitoshi. Springi inabeba gari, shokapu inalituliza. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, mtikisiko unageuka joto. Ukiweka springi fupi juu ya shokapu za zamani, pistoni inakaa chini kuliko ilivyopangiwa, inafanya kazi karibu na mwisho wa njia yake. Na shokapu iliyopangiwa springi laini haiwezi kuishika springi ngumu ikitaka kurudi juu. Gari linarukaruka kama mpira wa kitenesi, tairi linaachia barabara, na mahali tairi lilipoachia hakuna breki wala usukani. Ninyi mnaosema gari likishushwa lazima lirukeruke, hapana. Gari linaloruka limefungwa shokapu isiyolingana na springi.

Halafu kuna koilova, ambazo wengi wenu mnazitamani. Shokapu ina nyuzi kwenye mwili wake, springi imekaa juu ya pete, unazungusha pete gari linapanda au linashuka. Ni kifaa kizuri. Tatizo ni kwamba nyingi zinazofika kwetu kutoka Japani zilifungwa na watu wanaokimbiza magari kwenye viwanja vya mashindano vya lami laini. Kwenye Impreza utakuta springi ya kilo 6, 7 au zaidi kwa kila milimita, yaani uzito huo ndio unaoibana milimita moja, karibu mara mbili ya ile ya kiwandani. Barabara ya mtaani kwenu itakuadhibu kila siku. Kabla hujatoa pesa, soma namba iliyoandikwa kwenye springi. Na ukishafunga, safisha nyuzi kwa brashi na uzipake grisi, maana vumbi letu likichanganyika na maji ya mvua pete inashika, na ukiipiga kwa nyundo na patasi umeiharibu. Pete ni mbili: moja inabeba, nyingine inafunga. Ile ya kufunga ikisahaulika, gari litakuwa na kimo kimoja asubuhi na kingine jioni.

Sasa tushuke kiasi gani? Hapa ndipo futi inapofanya kazi, na nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, andika. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi na kiwanja vitakudanganya. Pili, lala chini utafute kitu kilicho chini kuliko vyote. Kwa magari mengi ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, bomba la ekzosi au krosmemba, kile chuma kinachokatiza chini ya gari. Pima kutoka hapo hadi chini, na hapo uwe na kiwanja bapa na upepo sahihi.

Tufanye imebaki sentimita 10. Wengine mtasema inatosha. Haya, tuta. Miaka ya 1970 watafiti wa barabara wa Uingereza walitengeneza tuta lenye mgongo wa mviringo ambalo nchi nyingi zimeliiga: upana mita 3.7 kwa mwelekeo gari linakokwenda, kimo sentimita 10. Altezza ina sentimita 267 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ikiwa juu ya tuta hilo kwa magurudumu yote, mgongo wa tuta unaingia chini ya tumbo kwa sentimita 5. Zimebaki 5. Pakia watu wanne wenye jumla ya kilo 280, gari linashuka karibu sentimita 3 nyingine, na nyuma linashuka zaidi kwa sababu abiria na mizigo ya buti vinakaa huko. Zimebaki 2, na gari bado halijatikisika. Hilo ni tuta lililopimwa na wahandisi. Yale ya mitaani kwetu, ambayo wananchi wamemwaga zege usiku baada ya mtoto kugongwa, ni membamba na yamesimama. Tuta lote linakaa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kimo chake chote kinaingia tumboni. Mnaokwenda nyanda za juu mnayajua matuta ya hifadhi ya Mikumi. Ukipasua sampu pale, oili yote inamwagika barabarani kabla taa nyekundu hujaiona, na injini iliyokugharimu mamilioni inakufa porini.

Kipimo kingine ninachokipenda kinatoka California. Huko sheria iliyoanza mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Vijana wa huko waliokuwa wakishusha magari waliumia sana na sheria hiyo, na mwaka 1959 mmoja wao, Ron Aguirre, akafunga mfumo wa haidroliki kwenye Corvette yake, kwa pampu za ndege, ili gari lipande na kushuka kwa kubonyeza. Habari ya magari yanayocheza kwa haidroliki ilikua kutoka hapo. Lakini mimi naiangalia sheria yenyewe. Ina akili ndani yake: tairi likipasuka, gari linakaa kwenye rimu. Kama kuna chuma chochote kiko chini ya rimu, kitaanza kulima lami, na wewe huna tena usukani. Basi weka rula bapa chini ya rimu mbili za kushoto, tazama kama kuna kitu kinaigusa. Fanya hivyo na kulia. Ukiona kitu, pandisha gari. Hapo mimi sina mjadala na mtu.

Kuna sababu nyingine ya kutozidi, na hii haionekani kwa nje. Magari mengi mliyokuja nayo yana mguu wa mbele wa aina ya MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani. Ford Consul ya Uingereza ya mwaka 1950 ndiyo iliyoufanya ujulikane. Springi na shokapu ziko pamoja juu, mkono mmoja chini. Kiwandani mkono huo umelala karibu usawa, au umeinama kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha gari sana, mkono unapinduka: upande wa gurudumu unakuwa juu kuliko upande wa bodi. Hapo gari linakuwa chini kwa macho, lakini kwenye kona bodi linalala zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu ile sehemu ambayo bodi linaizunguka likilala imeshuka zaidi kuliko kitovu cha uzito wa gari. Na tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zimebadili pembe, kwa hiyo ukiingia shimoni gurudumu linajikunja lenyewe bila wewe kugusa usukani. Altezza ina mikono juu na chini, inavumilia kidogo. Kwa Impreza na Corolla, mimi naridhika na sentimita 3. Nikiombwa 6, naomba kwanza nione kama mteja yuko tayari kununua boljointi ndefu, kile kiungo kati ya mkono na gurudumu, na kurekebisha tairodi. Asipokuwa tayari, siifanyi kazi hiyo.

Na ninyi wenye Hilux na Hiace mliokaa nyuma: baadhi ya magari yenu yana valvu ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Gari likipakiwa na kushuka, valvu inapeleka nguvu zaidi breki za nyuma. Ukilishusha gari bila kurekebisha fimbo ile, valvu inadhani umebeba tani ya mpunga. Siku ya mvua, gari tupu, unakanyaga breki, magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza na gari linageuka. Angalieni kabla ya kufungua hata nati moja.

Sasa kufunga. Hapa naomba msikilize kwa makini kuliko kote, hasa mnaofanya wenyewe nyumbani.

Nikiwa mwaka wa pili wa kujifunza kazi, Morogoro, kwenye gereji ya uani, mzee aliyetufundisha alikwenda dukani kutafuta bushi. Mwenzangu akataka akirudi akute kazi imekwisha. Tulikuwa na klampu mbili za kubania springi, moja ndoano yake imeliwa. Akaibana hivyo hivyo, akafungua nati ya juu. Sikuona kilichotokea, nilisikia tu. Springi ilipita kwenye bati la paa ikaacha tundu ambalo mvua iliingilia mwaka mzima. Ile sahani ya juu ya shokapu ilimpitia sikioni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika springi, na vidole viwili havikurudi kamwe. Alikuwa na miaka 19.

Miaka mingi baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya siku ile. Springi ya gari dogo yenye ugumu wa kilo 3 kwa milimita, ukiibana sentimita 15, inasukuma kwa nguvu ya kilo 450. Kilichohifadhiwa humo ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukidondoka kutoka usawa wa paja lako. Ila mfuko ni mzito, unadondoka. Hapa nguvu yote ile inaingia kwenye kipande cha chuma cha kilo mbili au tatu, na kinaruka.

Kwa hiyo: klampu nzima, mbili, zimetazamana, zimeshika mizunguko mingi iwezekanavyo. Zungusha hii mara chache, hamia ile, mara chache tena, kwa spana ya mkono. Mashine ya upepo weka mbali. Nati ya juu ya katikati haiguswi mpaka springi icheze huru kwenye vitako vyake vyote viwili. Na muda wote kaa pembeni. Usiweke uso, kifua wala mtu mwingine mbele ya ncha za springi. Kama huna klampu nzuri, toa mguu mzima ukiwa umefungwa, upeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubania. Atakutoza kidogo.

Gari lenyewe liwe kwenye zege bapa. Hendibreki juu, mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Inua, weka stendi chini ya sehemu iliyooneshwa kwenye kitabu cha gari, kisha lisukume bodi kwa mkono uone kama limetulia. Jeki ni ya kuinulia, stendi ni ya kubebea. Matofali ya saruji hapana kabisa. Yanabeba, yanabeba, halafu yanapasuka bila kutoa taarifa. Ile rimu uliyoitoa ilaze chini ya bodi. Nimeona siku ambayo rimu iliyolazwa hivyo ilimwachia kijana nafasi ya kutoka akiwa hai.

Kabla ya kulegeza bolti zinazoshika shokapu na chuma kinachobeba habu, yaani kitovu ambacho gurudumu linafungwa, piga alama kwa chaki au rangi. Kwenye Subaru nyingi bolti ya juu si ya mviringo kamili, ndiyo inayopanga kuinama kwa gurudumu. Ukiifungua bila alama umepoteza kipimo. Toa hosi ya breki na waya wa ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki, kwenye vishikio vyake kwanza. Kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, ukiitoa, ifunge kwa waya kwenye bodi, isining'inie kwenye hosi. Mpira wa kuzuia urudishe, na kama maelekezo ya springi yanasema ukatwe, kata kiasi kilichoandikwa. Nati za kujifunga zenye plastiki ndani, weka mpya.

Halafu jambo ambalo hata mafundi wakongwe wanaliruka. Bushi za mikono zina mpira ulioshikana na chuma ndani na nje. Ukikaza bolti zake gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia, bushi inafungwa katika hali ile. Gari likishuka chini, mpira unabaki umesokotwa mchana na usiku, na baada ya muda unachanika. Kisha unalaumu duka kwamba limekuuzia bushi feki. Acha bolti zile zikiwa zimeshika tu, shusha gari kwenye magurudumu, lisukume juu chini mara kadhaa, ndipo ukaze. Tumia spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba za kitabu. Kwa Toyota nyingi ndogo na Subaru, nati za gurudumu ni karibu niutonimita 100, zikazwe kwa mfano wa nyota. Baada ya kilomita 100 hivi rudia kukaza zote.

Siku hiyohiyo zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, ukiangalia kwa tochi kama tairi linagusa fenda au hosi inavutika. Nenda ukafanye alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, kabla ya safari yoyote ndefu, na urudi tena springi zikishatulia baada ya wiki mbili. Watu wanaogopa gurudumu kuinama tu, lakini kinachokula tairi ndani haraka zaidi ni magurudumu kutokwenda sambamba. Pangeni na taa, maana gari likishuka mbele kuliko nyuma, mwanga unaangukia karibu na bampa. Na iambieni kampuni ya bima kwa maandishi kuhusu mabadiliko mliyofanya, mbaki na nakala.

Nimezungumza vya kutosha. Yule mwenye Altezza ya bluu aliyesema anataka ishuke sentimita 5, naomba uisogeze hapa kwenye zege. Wanne mkae ndani, kila mmoja na begi lake kama mnakwenda safari. Dogo, nipe futi na ile rula. Tunaanza na gurudumu la mbele kushoto, na mtu mmoja aandike.